Jazi ya zamani kwa bendi ya waliopo: mzaha unabaki?

Siku hizi kuna muziki wa bendi za kupuliza unaandikwa kwa sauti tano tu kama kwaya, ili bendi ipige na waliopo, yaani sauti ya kwanza apige mwenye fluti au tarumbeta au klarineti, ya nne mwenye tromboni au saksafoni ya sauti ya tenor au yufoniamu (kama tuba ndogo), ya tano tuba au yeyote mwenye besi. Ulipamba moto 2020 kipindi cha korona maana watu wengi hawakuruhusiwa kukaa chumba kimoja. Mimi naupenda sana, ila tukija kwenye jazi ya mwanzo kabisa, ile ya mji wa New Orleans kule Marekani yenye mizaha, hapo ndo pana ubishi: ukiiandika kwa bendi ya namna hii, mzaha wake unabaki au unapotea?

Wanaokataa wana hoja nzito. Wanasema mzaha ule umo kwenye chombo chenyewe, na kweli, Februari 1917 bendi ya Original Dixieland Jass Band waliporekodi wimbo wa Livery Stable Blues kule New York klarineti iliwika kama jogoo, korneti (ndugu ya tarumbeta) ikalia kama farasi, tromboni ikalia kama ng'ombe. Sasa sauti ya nne mpe mwenye yufoniamu uone. Tromboni mtu anavuta tu mkono toka C ya chini mpaka F na sauti inateleza moja kwa moja haikatiki popote, yufoniamu ina vibonyezo, hata akibonyeza nusunusu bado utasikia ngazi. Halafu klarineti ya New Orleans inazunguka juu ya wimbo ikiwa peke yake, ukiwaweka watoto sita kwenye mstari huo huo unapata uji.

Wanaokubali nao wanasema bendi zile zenyewe hazikuwa na vyombo vya kudumu, besi leo tuba kesho besi ya nyuzi, na hata matarumbeta ya harusini kwetu asipotokea mtu mmoja bibi harusi hasubirishwi.

Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sababu nyingine. Sikiliza rekodi za King Oliver, mpiga korneti wa jazi hiyo na kiongozi wa bendi, za 1923, zile alizopiga na Louis Armstrong: bendi nzima inanyamaza ghafla, korneti mbili zinachomoka pamoja kwa vipimo viwili hivi, kisha wote wanarudi kwa kishindo. Kinachochekesha pale ni ule ukimya, na ukimya hauhitaji tromboni! Kwa hiyo mtunzi aweke mizaha yake mikubwa kwenye kunyamaza na kushtukiza, ule mtelezo auandike mstari wa pembeni kwa mwenye tromboni tu, yufoniamu ampe mbio za nusu toni ambazo vidole vyake vinaziweza, na juu ya ule mstari wa klarineti aandike wazi kabisa "mmoja tu". Jogoo ndo sijampatia dawa, nimeshamsikia kwenye fluti na akawa kifaranga.