Shemeji Kalipia Mfongo

Desemba ikiingia, Moshi hakukaliki. Magari kutoka Dar yanajaa mpaka vichochoroni, mbuzi anapanda bei, na mimi nampokea shemeji yangu wa Uarabuni. Shem anafanya kazi Al Ain, mji wa chemchemi katikati ya jangwa kule Falme za Kiarabu. Kazi yake sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ile simu. Nyama iko mezani inapoa, na hugusi mpaka umalize picha.

"Shem, hii ngome ya Jahili, ilianza kujengwa 1891." Naona ukuta wa udongo. "Hili kasri, Sheikh Zayed, mwasisi wa Falme za Kiarabu, aliishi humu mpaka 1966, sasa ni makumbusho." Udongo tena, ila huu una mlango. Jamani! Bibi yake alikuwa na nyumba ya udongo kule Kibosho, na ni huyuhuyu aliyetuma hela ivunjwe upesi, eti inamtia aibu kwa wageni. Leo anapigwa jua la jangwani ili apige picha na udongo wa bibi wa mwenzake.

Halafu ikaja iliyonimaliza. Shem kachuchumaa kando ya mfereji, miwani nyeusi usoni, anachezea maji kwa kidole. Unaitwa falaj, akasema. Unapeleka maji kwenye mitende kwa zamu, kila shamba na muda wake, na mifereji ya namna hiyo ilianza kuchimbwa huko miaka kama 3,000 iliyopita. Mwaka 2011 UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia.

"Shem, si ndiyo mfongo huo?"

Akanuna. Mfongo ni mfereji wa Wachaga, na wa ukoo wao unashuka toka mlimani, unapita nyuma ya kihamba, shamba la ukoo, cha baba mkwe, na maji yake ni ya zamu vilevile. Wazee waliuchimba kwa jembe na kwa macho tu, na maji yanafika mpaka leo. Ila siku ya kwenda kuuzibua, mtalii wetu alikuwa haachi kuumwa tumbo.

Likizo ijayo anataka Siwa, kule Misri. Kuna mji wa kale unaitwa Shali, nyumba zake za udongo na chumvi. Mwaka 1926 ikanyesha mvua ya siku tatu, nyumba zikayeyuka, watu wakahama. Sasa wageni wanapanda yale magofu jioni kutazama jua likizama.

"Lazima pazuri huko," mke wangu akasema, macho yanang'aa.

Mwanamke huyuhuyu! Masika yalipoangusha jiko letu la nje, niliitwa mvivu mpaka mahindi yakakomaa. Basi sijengi tena. Naweka kamba na kibao: gofu la kale, mwenyeji elfu moja, mgeni elfu kumi. Shemeji nimeshamweka kundi la wageni.