Kibanda namba 12, imeisha

Wacha niwaambie vile rangi za maji, hizi tunaona kama za watoto wa nasari, nusura zing'oe vibanda 31 huku Manyatta asubuhi moja tu, na mwenye brashi nilikuwa mimi.

Mimi ni mtu wa saiba hapa Kisumu. Kutwa nzima ni kuprinti, kuskani, kujazia watu fomu, jioni macho yamekauka kama omena ya Jumatatu. So nikasema natafuta kitu ya mikono, kitu haina paswadi. Rangi za maji nilikuwa nimejaribu mara mbili na mara mbili zikanishinda. Ya kwanza nilidumu siku nne, ya pili siku sita. Shida yangu ilikuwa nachora usiku nikitoka job, na balbu yangu ni ya njano, sasa chini ya balbu ya njano rangi ya njano haionekani vizuri, unaweka, unaona karatasi bado nyeupe, unaongeza, unaongeza tena, asubuhi unaamka unapata pale ulidhani umechora jua limefifia kidogo kuna yai la kukaanga saizi ya sufuria. Halafu karatasi nilikuwa natoa tu pale saiba, zile za printa za gramu 80, ukiziwekea maji zinajikunja kama chapo imesahauliwa juani.

Safari ya tatu nikaingia na akili. Nikanunua karatasi ya ukweli ya gramu 300, shuka 12 za A4, nikakata kila shuka vipande vinne, nikapata 48 saizi ya postikadi. Kidogo hivyo ndio unamaliza dakika ishirini kabla saiba ifunguliwe. Na nikaacha hii mambo ya kuamka na kujiuliza leo nichore nini, maana hilo swali ndilo lilikuwa linaniua, unalifikiria hadi chai inapoa na siku imeisha hujagusa brashi. Nikaamua nachora vibanda vya barabara yetu, kimoja kila siku kwa foleni, kuanzia kwa jamaa wa kuchaji simu mpaka kwa mama mboga pale mwisho. Nilivihesabu, 31. Mwezi mzima bila kufikiria. Nilijiona genius.

Sasa sikilizeni vizuri vifaa nilivyokuwa navyo, halafu mniambie mngefikiria nini.

Moja, klipubodi. Karatasi ya rangi za maji lazima ishikwe iwe flati, unaizungushia tepu pande zote, na mimi sikuwa na ubao mwingine ila klipubodi ya saiba. Mbili, reflekta. Natoka na baiskeli saa kumi na mbili na nusu kukiwa bado giza giza, na matatu za Kondele mnazijua, so navaa reflekta ya kijani inang'aa mpaka unaniona ukiwa Kibos. Tatu, penseli. Ukitaka kupima kitu kabla ya kuchora unanyoosha mkono, unafunga jicho moja, unalinganisha urefu wa mlango na wa paa kwa penseli. Nne, na hii ndiyo ilinimaliza, kwa karatasi ya juu kabisa nilikuwa nimechora barabara yote kama ramani, viboksi 31, kila kiboksi na namba yake, na kila nikimaliza kuchora kibanda naweka X kwa kile kiboksi. Kwa rangi nyekundu. Ilikuwa ya kujipa moyo tu, ukiona X zimefuatana hutaki kukata mnyororo.

Mkenya yeyote anajua X nyekundu maana yake. Mimi pia najua! Nimezaliwa Kenya! Nimeona nyumba zimepigwa X na wiki ijayo ni vumbi. Lakini akilini mwangu hiyo yangu ilikuwa X ya sanaa.

Na huku Kisumu watu wa vibanda hawachezi na hiyo kitu. Wakati reli na bandari zilikuwa zinafufuliwa kuna watu walilala na biashara wakaamka na kifusi. So mtu wa kibanda akikuona umevaa reflekta, umefunga jicho moja, umenyoosha penseli kwa paa lake, roho yake haiko kwa sanaa.

Na mimi sikukaa kimya nikachora. Nilikuwa nauliza maswali. Nilitaka kuandika historia kidogo nyuma ya kila picha, so napita nasema, "Mathe, hiki kibanda kiko hapa tangu lini?" Ananiangalia. "Na ni kama futi ngapi kwa ngapi hivi?" Ananiangalia zaidi. "Ardhi ni yako ama ya kukodi?" Hii ya mwisho sijui hata nilitaka kufanya nayo nini.

Siku ya nane ndio nilianza kupendwa. Fundi wa viatu alinishonea kiatu akakataa pesa. "Enda tu, brother, sisi tunajuana." Kinyozi akaninyoa bure na akanipaka ile spirit yake mpaka masikioni. Mama chapo, yeye kibanda chake kilikuwa namba 12, akaanza kuniwekea chai na chapo mbili na madondo, na nikitoa pesa anafunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, "Kula, nyathina, kula. Wewe ni mtoto wetu." Mimi nikarudi nyumbani nikimwambia rumeti wangu watu wanasema Wakenya hawathamini wasanii, waongo hao. Sikushtuka kwamba wale wakarimu wote ni wa vibanda ambavyo havijapata X. Wale kumi na moja wa mwanzo walikuwa wakiniona wanageuza uso. Jamaa wa kuchaji simu alikuwa ananisalimia kwa nyusi tu.

Sasa ikafika siku ya kumi na mbili, zamu ya mama chapo.

Nikakaa ng'ambo ya barabara. Nilichora vizuri kuliko siku zote, wacha nijisifu kidogo. Alikuwa ameweka mabati mpya na jua la asubuhi lilikuwa linapiga pale juu mpaka unafumba macho. Sasa kwa rangi za maji hakuna haja ya rangi nyeupe, nyeupe ni karatasi yenyewe, kitu kikimeremeta unakiacha, unachora kilicho kando yake. So paa nikaliacha hivyo hivyo, karatasi tupu. Nikachora ukuta, moshi wa jiko, benchi. Nikangoja ikauke, maana ukigusa mapema maji yanakimbia yanatengeneza madoa kama koliflawa. Nikageuza nyuma nikaandika kama kawaida yangu: KIBANDA NA. 12, IMEISHA. Na tarehe.

Nikavuka kwenda kunywa chai yangu ya bure. Mama chapo akanishika mkono, nikahisi kitu. Noti ya mia tano imekunjwa saizi ya panadol. Akanong'ona, "Ni ya soda tu, nyathina. Unikumbuke."

Jamani. Mimi hapo nilijua nimeuza picha yangu ya kwanza maishani. Machozi yalinilengalenga. Nikasema mteja amelipa, mteja apewe mali yake, na nikatoa ile picha kwa klipubodi nikamkabidhi kwa mikono miwili kama mtu anapeana cheti.

Akaiangalia. Akaona kibanda chake hakina paa.

Akaigeuza.

"UWIII! Wamenipatia notisi! Na pesa amekula! Mabati ashatoa! Uwii, kumi na mbili imeisha!"

Sijawahi ona barabara ikiamka haraka hivyo. Kinyozi alitoka na mteja nyuma yake, kichwa nusu. Mtu akanyakua klipubodi, ile ramani ikapita mikono kama arobaini, kila mtu anatafuta kiboksi chake, "Mimi ni ngapi? Mimi ni ngapi?" na mwenye alipata X alikuwa anashika kichwa na mwenye hakupata anasema ashukuriwe Mungu halafu anakimbia kung'oa mabati pia, maana nani atangoja? Nyundo zilianza kulia huku na kule. Vijana wa boda wakanizunguka na pikipiki, injini zinanguruma, mmoja akaketi juu ya baiskeli yangu kama eksibiti. Nikasema, "Omera, mimi ni msanii!" Akaniambia hata yule wa juzi alisema yeye ni wa sensa.

Jakom akaitwa. Jakom ndiye mwenyekiti wa vibanda, mzee wa kofia nyeusi, hapandishi sauti hata kidogo na hiyo ndiyo inatisha. Wakaniketisha kwa kreti ya soda. Akaangalia ramani. Akaangalia reflekta. Akaniuliza, "Kijana, tinga linakuja siku gani?"

"Mzee wangu, hakuna tinga. Mimi nachora tu. Kila siku picha moja. Ni kama zoezi."

"Zoezi la nini?"

Na hapo, ndugu zangu, nikakosa jibu. Mtu anachora kila siku ya nini? Hauzi, hasomei, halipwi. Nikasema ati ni ya kutuliza akili. Umati wote ukacheka ile kicheko haina furaha. Nikajaribu kueleza rangi, nikafungua kile kijisanduku, nikasema hii ni unga wa rangi umeshikanishwa na gundi ya mgunga, hata Turkana wanaokota hiyo gundi. Jakom akachangamka kidogo. Kumbe aliendesha lori Lodwar miaka ya nyuma, hiyo gundi ashatafuna. Akaninyooshea kidole. "Basi nichore. Hapa. Sasa hivi. Kama wewe ni mchoraji tutaona."

Mimi sijawahi chora mtu. Nachora vibanda, vibanda havina pua. Na mkono unatetemeka, na kuna mwanaume ameshika nyundo ananipumulia shingoni. Kanuni ya kwanza ya rangi za maji ni kungoja, uweke rangi ikauke ndio uweke ingine kando yake, lakini utangoja aje ukiwa na watu mia wanakungoja wewe? Nikapaka uso, uso ukiwa bado majimaji nikapaka kofia, ile nyeusi ikateremka. Polepole, mbele ya kila mtu. Ikaingia kwa jicho la kushoto, ikapita shavuni, ikafika kidevuni ikajikusanya pale kama ndevu. Nikajaribu kuikausha na tishu, tishu ikatoka na mdomo wake.

Kimya.

Halafu mama chapo, yule yule, akainama akaichungulia kwa muda mrefu, akasema kwa sauti ya mtu amepona: "Ai, huyu si wa kaunti. Wa kaunti wamesoma kuchora. Huyu hajui kitu!"

Watu walicheka mpaka pikipiki zikazimwa. Hakuna wakili angeweza kunitoa pale haraka hivyo. Kijana wa boda akashuka kwa baiskeli yangu, akanipiga bega, akaniomba nimchore na yeye kwa profaili. Aliyekuwa hacheki ni jakom peke yake. Aliishika ile picha mbali, akaileta karibu, akauliza mara tatu, "Mimi ndiyo huyu?"

Hukumu ilikuwa hivi. Mia tano irudi. Misumari yote mipya ni juu yangu, na misumari ni ya mabati, ile ya kofia, si ile ya bei rahisi. Ramani ichomwe kwa jiko la mama chapo, mbele ya mashahidi. Kiti changu pale kwa chapo kuanzia leo ni cha kulipia, na madeni ya siku nne yahesabiwe. Fundi wa viatu ndiye alikuwa shida kubwa, alikuwa amepakia kibanda chote kwa mkokoteni na alipopigiwa simu alikuwa ashafika Kibuye, ashapata nafasi, na ashaanza kushona kiatu cha mtu. Alikataa kurudi hadi nikalipa mkokoteni wa kwenda na wa kurudi. Saiba nilifungua saa sita, nikakatwa nusu siku.

Lakini ile ya jakom nilihesabu kama siku ya kumi na tatu, sikukata mnyororo. Nilipewa ruhusa niendelee bila klipubodi, nitumie ubao wa chapo uliozeeka, bila reflekta nikiwa nimekaa, na sharti la mwisho jakom alilisema polepole akinikazia macho: rangi nyekundu nisiwahi kuonekana nayo barabara hii tena. Nikaing'oa kwa kisanduku nikamkabidhi. Nasikia mjukuu wake ashaimaliza kwa ukuta.

Nikaendelea. Mtu wa mtumba, blauzi zote bluu. Bucha, hiyo ilikuwa mtihani, nyama ya kahawia kama imekaa wiki, mwenyewe hajaniongelesha mpaka leo. Siku ya mwisho nikafika kwa mama mboga, namba 31, meza yote ni nyanya kutoka huku mpaka kule, piramidi kwa piramidi, na mimi sina nyekundu. Nikafanya nitakavyoweza, nikazipaka kijani. Zilitoka poa sana, mviringo mzuri, kila moja na kimng'ao chake cha karatasi. Nikampelekea bure na nyuma sikuandika kitu.

Akaitazama, akaitazama, akaita jirani yake wa vitunguu aje aone.

"Sasa wewe," akaniambia, "umenichorea nyanya mbichi nitauzia nani?"