Kitabu cha saketi cha zamani bado kina kazi kwa fundi wa Tanga

Fundi redio wa Ngamiani siku hizi anaweza kununua bodi ndogo ya amplifaya iliyokwisha kuungwa, akaifungia umeme na spika, muziki ukalia hapo hapo. Kijana anayejifunza kazi ana haki ya kuuliza kitabu cha saketi za analogi, yaani michoro ya kuunga vipuri vya redio na amplifaya, cha miaka ya 1970 kitamfaa nini.

Vitabu hivyo kweli vina mtego. Michoro mingi imejengwa kwa transista, vipuri vya miguu mitatu (besi, emita na kolekta) vya kukuzia mawimbi ya umeme, za jemaniamu, mali ya zamani kabla ya silikoni, kama AC128, na kuzipata leo ni shughuli. Ukipachika ya silikoni bila kubadili rezista, vipuri vya kupunguza umeme, hesabu inaharibika: jemaniamu huanza kupitisha umeme kwenye volti 0.2 hivi kati ya besi na emita, silikoni inataka kama 0.6. Pale mwisho wa amplifaya, transista mbili zinapopokezana kusukuma spika, sauti itakwaruza, hasa ukipunguza volyumu. Asiye na wa kumwelekeza atailaumu spika bure.

Hata hivyo mimi navitetea. Bodi ya kununua ikifa, wengi huitupa tu. Kitabu kile kinakufundisha kila rezista inafanya nini. Chukua saketi ya transista moja ya kukuza sauti, betri volti 9. Rezista mbili zinaipa besi volti zake, ya emita inaizuia transista isiyumbe ikipata joto, na kolekta inawekwa karibu na volti 4.5 ili wimbi lipate nafasi juu na chini. Ukishalielewa hilo, unagusa kolekta kwa mita ya kupimia volti. Ukikuta volti 9 kamili, transista haipitishi, na unajua pa kuanzia kutafuta. Kwenye mji wa pwani, ambako hewa ya chumvi inakula miguu ya vipuri, ujuzi huu unamlisha mtu.

Tena si vipuri vyote vya vitabu hivyo vilivyopitwa na wakati. Aisii, yaani saketi nzima ndani ya kipuri kimoja, ya 741 ya kukuzia mawimbi ilitoka 1968, ya 555 ya kupimia muda ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zote zinauzwa mpaka leo. Transista kubwa ya 2N3055 nayo ipo, ila feki ni nyingi.

Mteja mwenye haraka mfungie bodi mpya, jioni ufungue kitabu. Kurasa za kuruka ni zile za vifaa vinavyochukua volti 230 za ukutani bila transfoma: chasisi yake, ile fremu ya chuma, inaweza kuwa na umeme, na ukiishika unaweza kufa.