Kabla ya Kuuliza Bei ya Ditekta, Uliza Udongo

Mjomba wangu wa Lushoto alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Sita za kwanza zilikuwa salamu, hali ya kabichi na msiba wa jirani. Ya saba ndiyo ilikuwa yenyewe: "Sasa mjomba, nasikia huko Ulaya unatembea mashambani na mashine ya kutafutia pesa za kale. Ni shilingi ngapi hiyo? Maana huku juu, kwenye ile nyumba ya Mjerumani..." Hapo akashusha sauti, kana kwamba kijiji kizima kimeegesha sikio kwenye simu.

Aliyekulia Tanzania anajua sentensi hiyo inaishia wapi. Kila mji wenye boma una mzee anayejua Mjerumani alifukia wapi sanduku lake. Mimi simcheki mjomba sana, kwa sababu dhahabu ya Mjerumani ilikuwepo kweli. Mwaka 1916, vita vimewafungia bahari, Wajerumani walipiga sarafu kwenye karakana ya reli pale Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, takriban 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Na hizi "hela" tunazozililia kila mwisho wa mwezi jina lake limetoka kwenye heller, senti ya Mjerumani. Ndoto ya mjomba ina mizizi.

Ila ni swali lake la bei ya ditekta, yaani hiyo mashine inayolia ikikuta metali ardhini, lililonikaa, kwa sababu naulizwa hilohilo na Waswahili wenzangu hapa Leicester, Uingereza, ambao hawana boma wala tembo wa dhahabu, wanataka tu shughuli ya Jumapili isiyokuwa kulala. Ninunue ya bei rahisi, au nifunge mkanda nichukue ya bei mbaya? Nami huwa nawajibu kwa swali: unakwenda kutafutia wapi? Mtu anayetafuta kwenye shamba lililolimwa, mtu wa ufukweni na mtu wa mlima wenye udongo mwekundu wanahitaji mashine tatu tofauti, na bei zake zinapishana mara kumi na zaidi. Hata hivyo watu huanzia kwenye nyota za wanunuzi mtandaoni.

Nami nilianzia hapohapo. Mashine yangu ya kwanza niliinunua kwa pauni 45, chapa siitaji. Ilikuwa inalia ikigusa nyasi zenye umande. Ilikuwa inalia nikiinyanyua hewani. Siku moja ilishangilia mahali pamoja kwa robo saa nzima, nikachimba hadi kiwiko, kumbe ilikuwa inasoma buti langu la kazini, lile lenye chuma kwenye vidole. Baada ya wiki tatu niliitupia kabatini, nikajiambia hii ni michezo ya wazee wa Kizungu waliostaafu.

Baadaye nilijifariji niliposoma habari za Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mwaka 1881 Rais Garfield wa Marekani alipigwa risasi, madaktari wakashindwa kuiona ilipo, Bell akaunda mashine ya kuitafuta kwa sauti. Ilishindwa, na sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma. Kama Bell alidanganywa na godoro, mimi na buti langu ni nani?

Kwa hiyo ninaposema huhitaji mashine ya bei kubwa, sisemi ununue kile kidude cha pauni 45. Hicho ni cha kuchezea watoto, na kazi yake kubwa ni kukutoa kwenye hobi kabla hujaionja. Ninayoiita ya bei rahisi ni kama ile iliyonirudisha: Garrett ACE 250, ya njano, iliyokwishatumika, nikampa mwenyewe pauni 95. Inatumia masafa mamoja tu ya mawimbi, kilohezi 6.5, haijui mengi, lakini inachosema inakimaanisha. Kwa mashine hiyo nimetoa senti kubwa za shaba za enzi za Malkia Victoria, vifungo vya makoti, risasi za gobori za mviringo, na sarafu yangu ya kwanza ya fedha, ya senti sita ya Mfalme George wa Tano, nyembamba kama ukucha. Siku hiyo nilimpigia mke wangu simu nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Akaniuliza thamani yake. Nikamwambia haifiki bei ya chipsi. Akakata.

Wauzaji wanapenda kuuza kina. "Hii inaingia chini zaidi." Hapa ndipo pesa za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo nivumilie kidogo. Sahani ile ya chini inatuma uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukikuta metali unaiamshia mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao unarudisha uga wake juu. Safari ya kwenda inapoteza nguvu kwa kasi, ya kurudi vilevile. Kwa kitu kidogo kama sarafu, kikishakuwa mbali na sahani, ukizidisha umbali mara mbili, sauti inayorudi haipungui nusu. Inapungua mara 64. Ndiyo maana ukilipa mara kumi hupati kina mara kumi. Mashine yangu ya pauni 95 inaisikia sarafu iliyofukiwa sentimita 15 hivi. Zile za zaidi ya pauni 1,000, kwenye shamba hilohilo na siku hiyohiyo, zinakuongezea labda upana wa kiganja. Hesabu bei ya hicho kiganja.

Na vitu vingi havikai chini kihivyo. Mwaka 2009 mtafutaji mmoja, Terry Herbert, alikuta huko Staffordshire hazina kubwa kuliko zote za dhahabu ya Wasaksoni, wakazi wa kale wa Uingereza, ikathaminiwa pauni milioni 3.285, akagawana na mwenye shamba. Mashine yake ilikuwa kuukuu. Magazeti yaliandika aliipata kwa pauni 2.50 kwenye soko la vitu chakavu. Dhahabu ile ilikuwa ndani ya udongo wa juu, ule unaogeuzwa na jembe. Simtaji ili uende kutafuta mashine ya pauni mbili. Namtaja kwa sababu aliingia kwenye shamba sahihi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Hapa Uingereza ruhusa ndiyo kitu cha kwanza, kabla hata ya betri. Na ukipata kinachoangukia kwenye Sheria ya Hazina ya 1996, una siku 14 za kukitolea taarifa. Nimeshapoteza Jumapili nyingi nikigonga milango ya wakulima, nikitabasamu, nikikataliwa kwa adabu. Mashine ya bei yoyote bila shamba ni fimbo ya kutembelea.

Basi za bei kubwa hazina kazi? Zina kazi, na mimi ninayo moja, niliinunua kwa pesa za ovataimu za majira mawili ya baridi. Miezi miwili ya kwanza nilirudi mikono mitupu kuliko wakati wa ile ya njano. Ilikuwa inaniambia mambo mengi mno: milio ya juu, ya chini, iliyokatika, namba zinazocheza, na mimi sikuwa na masikio yake bado. Nilikuwa kama mtu aliyehamia mji mpya, kila mtu anampigia kelele na yeye haelewi nani anamsalimia na nani anamtukana.

Masikio yalipokuja, nikaelewa nililipia nini. Lipo shamba moja ninaloruhusiwa, karibu na njia ya kale ya Warumi, limejaa misumari yenye kutu kama wali uliopikwa na mchanga. Ile ya njano ikipita pale inasikia msumari, inachukua muda kujikusanya, na kabla haijatulia imeshairuka sarafu iliyo kando yake. Ile ya gharama inamaliza msumari haraka, inakuwa tayari kwa kinachofuata. Pale kwenye misumari, ambako nilishapita miezi mingi na ile ya njano, nimetoa vijisarafu vya Kirumi vya shaba vidogo kuliko kifungo cha shati. Kingine nililipia bega langu: haifiki kilo moja, na baada ya saa tano za kupepeta mkono kushoto kulia, gramu 300 si jambo dogo kwa mtu aliyeshinda wiki nzima anapanga maboksi.

Kisha kuna bahari. Watu wa Leicester wakisema "baharini" wanamaanisha Skegness, na Skegness ndiyo iliyonifunza kwamba chumvi haina heshima. Mchanga mkavu wa juu, ile ya njano inatembea vizuri tu. Ukishuka kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, ambao unapitisha umeme, mashine ya masafa mamoja inaona ufuko wote kuwa metali. Inapiga yowe. Ukipunguza usikivu wake hadi itulie, pete inakuwa haisikiki tena. Pale unahitaji inayotumia masafa kadhaa kwa pamoja, ambayo inalinganisha na kuitoa chumvi kwenye hesabu. Zamani hilo lilikuwa la wenye nacho. Tangu 2019 kampuni ya Minelab wametoa Vanquish yenye uwezo huo, na ile ya chini kabisa kati yake imekuwa ikiuzwa karibu na pauni 200. Kwa hiyo anayeniambia leo kwamba ufukweni ni lazima pauni 1,000, namwona kama anayenishauri ninunue lori la kubebea mchicha. Angalia tu isije ikazama: kwenye Vanquish hizo za 2019 sahani ndiyo ya kuingia majini, boksi la juu hapana. Nokta Simplex+, ya kampuni nyingine na iliyokuwa na bei inayokaribiana, inazama hadi mita tatu, lakini ni ya masafa mamoja, kwa hiyo itazama salama huku inalalamika.

Ukiniuliza pauni 300 uzigawe vipi, nitakwambia usizimalizie kwenye mashine. Toa sehemu ununue kile kijiti kifupi cha kuingiza shimoni, kinachotetemeka kikikaribia kitu. Bila hicho utachambua udongo kwa vidole nusu saa, ukiipitisha sarafu mkononi bila kuiona, kwa sababu sarafu ya miaka 100 ni rangi ya udongo wenyewe.

Sasa nirudi Lushoto. Udongo wa Usambara mnaujua, mwekundu hadi unatia doa kwenye roho. Wekundu huo ni chuma, na mashine ya kawaida kwenye udongo wa namna hiyo inahangaika kama ya njano kule Skegness. Wachimbaji wa dhahabu wanaofanya kazi kwenye ardhi ngumu wanatumia aina nyingine kabisa, iliyoundwa kwa ardhi hiyo, na hapo ndipo bei zinapopaa: GPZ 7000 ya Minelab ilipotoka 2015 ilikuwa karibu dola 10,000 za Australia. Hata hiyo haioni dhahabu ya vumbi iliyomo ndani ya jiwe, ile inayosubiri karasha, inaona kipande. Kwa sababu bei ni hiyo, feki nazo ni nyingi, zimetengenezwa kwa kufuata sura ya zile halisi hadi stika, zikaletwa kuuzwa Afrika.

Nilimweleza mjomba yote hayo, pamoja na kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 haimruhusu mtu kuchimbua mabaki ya kale bila leseni, na kwamba kutafuta dhahabu nako kuna leseni yake. Akasikiliza kwa heshima. Kisha akaniambia kuna kijana Korogwe anauza mashine ya antena mbili, inaelekea yenyewe dhahabu ilipo, mita 100, laki nane tu.

Hapo nilipandisha sauti, Mungu anisamehe, kwa mtu aliyenilea. Mwingereza James McCormick aliwauzia Wairaki vifaa vya antena kama hivyo kwamba vinagundua mabomu, kwa maelfu ya dola kila kimoja. Chimbuko lake lilikuwa kidude cha kutafutia mipira ya gofu kisichofika dola 20, na ndani hakuna kinachofanya kazi. Watu walikufa kwenye vizuizi vya barabarani. Mwaka 2013 alifungwa miaka 10. Antena ile inaelekea pale mkono wako unapoinamia, na mkono wa mwenye tamaa unainama haraka.

Mjomba akanyamaza. Nikadhani nimemuudhi. Kumbe alikuwa anapanga. "Basi niseme ukweli," akasema. "Shangazi yako amepoteza pete ya ndoa kwenye matuta ya kabichi, wiki ya pili sasa, na anasema mimi sihangaiki."

Hilo ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1992 kule Hoxne, Suffolk, mkulima alipoteza nyundo, akamwomba rafiki yake Eric Lawes aje na ditekta. Lawes alikuta nyundo, na pamoja nayo sarafu za Kirumi zaidi ya 14,000 za dhahabu na fedha. Nyundo yenyewe iko British Museum. Pete kwenye tuta la kabichi iko juu, haijapita kina cha jembe, na eneo linajulikana. Hata udongo ule mwekundu, ukipunguza usikivu na ukipita taratibu sahani ikikaribia kugusa ardhi, ile ya njano inaweza. Nimeifunga na betri mpya na kile kijiti, anaondoka nayo rafiki yangu anayekwenda Tanga Desemba.

Jana mjomba amenitumia ujumbe mfupi safari hii. Anauliza kama ile ya njano ina sauti ya kuzima, kwa kutumia usiku.