Mfalme Asiyetawala na Rais Anayeshika Vyote

Hapa Tabora, uchaguzi ukipita na kuacha uchungu, hukosi kumsikia mzee kijiweni akisema heri tungekuwa na mfalme kama Waingereza. Vyama vigombanie serikali, lakini juu yake pawe na mtu mmoja asiye wa chama chochote. Vijana huicheka hoja hiyo upesi. Mimi naiheshimu, ingawa siikubali.

Ninachokiheshimu ni kwamba ufalme wa kikatiba hutenganisha heshima ya nchi na madaraka ya serikali. Uingereza waziri mkuu huzomewa bungeni mchana kweupe, chama chake kikaweza hata kumng'oa, na nchi isitikisike, kwa kuwa yeye si nchi. Sweden walikwenda mbali zaidi: katiba yao ya 1974 ilimwondolea mfalme hata kazi ya kumteua waziri mkuu, ikampa Spika jukumu la kupendekeza jina na Bunge kupiga kura. Na Hispania, usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1981, baada ya maofisa wenye silaha kuwateka wabunge ukumbini, Mfalme Juan Carlos alitokea kwenye televisheni akiwa na sare za kijeshi na kuwakana maofisa hao. Waasi wale walikuwa wakidai wanatenda kwa jina lake. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuwanyang'anya jina hilo.

Lakini mzee wa kijiweni anamwona mfalme wa Ulaya wa leo, aliyekwisha kukatwa kucha kwa karne kadhaa. Sisi wa huku tunazo habari za viti vya kurithi vilivyo karibu zaidi. Unyanyembe hii hii ya Tabora, alipofariki Mtemi, yaani mtawala wa jadi, Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, kiti kilikwenda kwa Mnywa Sere. Akataka ushuru kwa wafanyabiashara Waarabu. Nao wakamwondoa na kumsimika Mkasiwa, mtu wa ukoo ule ule. Mnywa Sere akaingia porini na kupigana kwa miaka mpaka akauawa, na njia ya misafara ikawa ya vita. Wote wawili walikuwa na damu ya kitemi. Damu haikusema nani akae. Bunduki ndizo zilizosema.

Mfano wa Burundi ni mzito kuliko huo, na watu wa Kigoma wanaujua kwa majirani zao. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa ufalme wa kikatiba, yenye bunge, waziri mkuu na Mwami, yaani mfalme, Mwambutsa wa Nne, aliyekuwa kitini tangu utotoni, mwaka 1915. Kwa karatasi, kila kitu kilikuwepo. Uchaguzi wa 1965 ukawapa Wahutu viti vingi bungeni, na Mwami, badala ya kufuata matokeo, akamteua mtu wa karibu yake, Léopold Biha, kuwa waziri mkuu. Oktoba mwaka ule likafanyika jaribio la mapinduzi, na umwagaji damu ukafuata. Julai 1966 Mwami akapinduliwa na mwanawe. Novemba mwaka huo huo Kapteni Micombero akampindua mwana na kutangaza jamhuri. Je, jamhuri iliponya? Mwaka 1972 yalitokea mauaji yaliyowamwaga watu kwa maelfu mpaka Kigoma, na wengine wakapelekwa Ulyankulu, hapa hapa mkoani Tabora. Mfalme aliharibu kwa kukataa kura. Rais wa kijeshi akaharibu zaidi bila kura.

Kwa hiyo ubishi wa mfalme na rais, ukiachwa hivyo ulivyo, unatupeleka pembeni. Ireland wana rais anayechaguliwa na wananchi kwa miaka saba, na hatawali. Ujerumani rais huchaguliwa na mkutano maalumu wa wabunge na wajumbe wa majimbo, na kansela ndiye anayeongoza serikali. Anachokitaka mzee wetu kinapatikana bila kuzaliwa ikulu. Hakikosi hatari, hata hivyo. Uganda mwaka 1963 walimfanya Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, rais wa heshima, huku Obote akiwa waziri mkuu. Walikorofishana, na mwaka 1966 jeshi likavamia ikulu ya Kabaka, naye akakimbilia London. Kosa lilikuwa kumpa cheo cha taifa zima mtu ambaye bado ni mfalme wa upande mmoja.

Sisi tulionja ufalme wa kikatiba mwaka mmoja tu. Kuanzia tarehe 9 Desemba 1961 mkuu wa nchi ya Tanganyika alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, tukawa jamhuri, na 1963 watemi wakavuliwa madaraka. Uamuzi ule naupenda mpaka leo. Nchi yenye watemi na makabila mengi kiasi hiki ingemtoa wapi mfalme mmoja? Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, na aliomba kura.

Nisichokipenda ni namna tulivyovirundika vyeo. Ibara ya 33 ya Katiba ya 1977 inasema Rais atakuwa Mkuu wa Nchi, Kiongozi wa Serikali na Amiri Jeshi Mkuu. Ukimlaumu kiongozi wa serikali kwa bei ya mbolea ya tumbaku, unajibiwa kwamba umemtukana mkuu wa nchi. Kisha Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza ushindi wake ukishatangazwa na Tume ya Uchaguzi. Tulimkataa mtu asiyeulizwa kwa sababu ya damu. Hatuna sababu ya kumkubali asiyeulizwa kwa sababu ya tangazo.

Tume ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, iliona kasoro hiyo. Rasimu yake ilitaka matokeo ya urais yaweze kupingwa Mahakama ya Juu, na Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwaka 2014, pamoja na mengi iliyoyafuta, haikuliondoa hilo. Kura ya maoni juu ya katiba hiyo, ya Aprili 2015, iliahirishwa. Kama mzee wangu wa kijiweni na vijana wanaomcheka wanataka jambo moja la kudai pamoja, naomba waanzie kwenye Ibara hiyo ya 41(7).