Kusomea uandishi wa habari za Umoja wa Ulaya: inafaa au ni mtego?

Vijana wengi wa habari siku hizi wanaulizia kozi za kuripoti siasa za Ulaya, na pia ile masta ya uandishi wa habari ya Erasmus Mundus (mpango wa masomo wa Umoja wa Ulaya, EU) inayoanzia Aarhus kule Denmark alafu mwaka wa pili unahamia chuo cha nchi nyingine, na swali ni lile lile, mtu asomee mambo ya Brussels, mji wa Ubelgiji zilipo ofisi kuu za EU, kabisa kama fani au asome uandishi wa kawaida hayo mengine atayakuta kazini?

Wanaosema isomwe wana hoja nzito kwa sababu EU haieleweki kwa kubahatisha. Chukua majina tu. Kwa Kiswahili chetu mtu anaandika "Baraza la Ulaya" na hapo anaweza kuwa anasema vitu vitatu tofauti, wakuu wa nchi za EU wanapokutana, au mawaziri wao wanapopitisha sheria, au lile baraza la Strasbourg lenye nchi 46 ambalo wala sio la EU. Ukikosea hapo habari nzima imeharibika. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu bomba la mafuta la Hoima mpaka Tanga, kelele zikawa nyingi, na wapo waliolielewa kama vile Ulaya imepiga marufuku mradi wakati azimio la namna ile halina nguvu ya sheria, ni msimamo wa kisiasa basi. Mwandishi aliyesoma hilo analisema mwanzoni kabisa.

Alafu kuna sheria namba 1049 ya mwaka 2001, inampa raia au mkazi wa EU haki ya kuomba nyaraka za Bunge, Baraza la mawaziri na Kamisheni (chombo cha utendaji cha EU) na wanatakiwa kujibu ndani ya siku 15 za kazi. Ndio iliyobeba kesi ya meseji kati ya rais wa Kamisheni, Ursula von der Leyen, na bosi wa Pfizer, Albert Bourla, enzi za kununua chanjo za korona. New York Times waliziomba, Kamisheni ikasema haina, wakaenda mahakama ya EU kule Luxembourg na Mei 2025 mahakama ikafuta uamuzi wa Kamisheni. Kesi kama hiyo huipati kama hujui hata kwamba kuna sheria ya kuomba.

Sasa upande wa pili, na huu mimi unanigusa sana. Boris Johnson, yule waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alisoma Brussels utotoni, baba yake alifanya kazi Kamisheni, akarudi pale kama mwandishi wa Daily Telegraph kuanzia 1989 mpaka 1994, yaani mji aliujua vizuri, lakini habari zake za wakati ule zinakumbukwa kwa kukuzwa kupita kiasi. Kwa hiyo kuijua taasisi hakukufanyi mkweli. Na skendo ya Qatar, ile ya tuhuma za rushwa ndani ya Bunge la Ulaya, Desemba 2022, walioitoa wa kwanza ni waandishi wa uchunguzi wa magazeti ya Ubelgiji yenyewe, Le Soir na Knack, wakati kundi kubwa la waandishi wa EU liko pale pale kila siku ya kazi kwenye mkutano wa mchana wa Kamisheni. Ukizoea kulishwa na msemaji unasahau kutafuta mwenyewe.

Kingine, skolashipu ya hiyo Erasmus Mundus inatoka kwenye bajeti ya EU. Sisemi mtu ananunuliwa, ila ni vizuri ajue hela inatoka wapi.

Mimi naegemea kwenye kusoma, ila angalia ratiba kwanza. Kama imejaa ziara na mihadhara ya maofisa, achana nayo. Kama wanakulazimisha kuomba nyaraka, kusoma bajeti, kupitia ripoti za Mahakama ya Wakaguzi ya Luxembourg, yaani wanaokagua hesabu za EU, hiyo nenda. Na wakutoe nje ya Brussels pia, maana sheria ya EU ya 2023 ya kuzuia mazao yanayotoka kwenye misitu iliyokatwa inagusa mpaka kahawa ya Mbinga. Brussels watu wanabishana ianze lini, imeshaahirishwa, na Mbinga mkulima mdogo anauliza nani atakuja kumchukulia vipimo vya ramani vya shamba lake na atalipa nani.