Stendi tunaipigia kelele, mpira tunaunyamazia

Pita mjini Chake Chake na pikipiki hali umesahau kukunja stendi, uone. Hutafika Gombani ila umeshaambiwa na watu sita. Muuza urojo atakupigia kelele, mtoto wa skuli atakunyooshea kidole, dereva wa gari ya abiria atatoa kichwa dirishani: "Stendi! Stendi!" Hakuna anayeuliza wewe ni nani wala mtoto wa nani. Unaipiga teke kwa kisigino cha kushoto, unanyanyua mkono wa shukrani, unakwenda zako. Akina mama waliopakiwa huonywa vivyo hivyo buibui linapokaribia mnyororo. Sijapata kumuona mtu akinuna kwa kuambiwa hayo.

Lakini mpira wa nyuma uliokwisha mpaka nyuzi zimechomoza, huo tunautizama, tunasikitika moyoni, tunapita.

Mimi nimefanya hivyo wiki tatu. Nje ya mskiti wetu huegesha pikipiki yake ustadhi mmoja anayesomesha watoto Kurani chuoni, mtu mpole, mkubwa wangu kwa umri. Ijumaa ya kwanza nikauona mpira wake umekuwa kipara katikati. Ya pili nikainama kujifanya nafunga kamba ya kiatu, nikaona nyuzi. Ya tatu mvua za masika zilikuwa zinamwagika, nikamtizama akiwapakia watoto wake wawili, nikanyamaza tena. Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini ulimi ulio mwepesi kwa stendi ni mzito kwa mpira.

Kwa hatari, mpira haupitwi na stendi. Stendi iko upande wa kushoto. Ukilala kona ya kushoto inagota lami, inalinyanyua gurudumu la nyuma, na pikipiki inakutoka. Mpira nao, ile mifereji yake kazi yake ni kuyatoa maji chini ya gurudumu. Ikishafutika, gurudumu linakaa juu ya maji badala ya lami, na breki unayoishika haina inachoshika. Na Pemba yetu ni vilima na mabonde, si tambarare. Barabara inashuka huku inapinda. Nyuzi zikishatoka, msumari au jiwe kali linatosha kuupasua, na mpira wa nyuma ukipasuka ghafla mkia wa pikipiki unayumba hata kwa dereva hodari.

Nadhani tofauti ni hii: stendi ni kusahau, na kila mtu husahau. Mpira ni pesa. Kumwambia mtu "mpira wako umekwisha" kunakaribia mno kumwambia "kanzu yako imechanika". Tunaogopa kumuaibisha, na woga huo si wa kudharauliwa, kwani unatokana na adabu.

Wanaoona bora kunyamaza wana hoja nyengine nzito zaidi. Wapo wanaokumbusha hadithi ya Mtume (S.A.W.) kwamba katika uzuri wa Uislamu wa mtu ni kuacha yasiyomhusu. Na kweli, wengi wetu tunaojitia ufundi hatujui tunachokisema. Mnyororo ni mfano mzuri. Utaona umelegea, utamwambia mwenzio aukaze. Lakini kwa pikipiki nyingi ndogo mnyororo hutakiwa kucheza kiasi cha sentimita 2 hadi 3, kwa sababu abiria akipanda na gurudumu likapanda juu, mnyororo hujikaza wenyewe. Aliyekusikiliza akaukaza mpaka ukawa kama uzi wa gambusi, atakwenda kuziua beringi na meno ya sproketi, na anaweza kukatikiwa njiani. Nia yako ilikuwa njema, na umemtia hasarani.

Hoja nyengine ni ya namna ya kusema. Kumfuata mtu barabarani ukaenda naye ubavu kwa ubavu ili umpigie kelele ni hatari ya pili juu ya ile ya kwanza. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ni karibu mita 17. Akigeuza kichwa kukusikiliza, mkono hufuata kichwa, na barabara zetu si pana. Ukimuwashia taa nako, atafahamu trafiki wako mbele. Atapunguza mwendo, ataangalia mbele, na gurudumu la nyuma halitamjia akilini. Bora umpite kwa nafasi, uegeshe mbele, umpungie.

Hata hivyo hoja hizi zote ni za namna ya kusema, hakuna hata moja inayohalalisha kutosema. Ikiwa sina uhakika na mnyororo, naweza kusema "kauoneshe kwa fundi" badala ya "kaza". Hadithi nyengine inasema dini ni nasaha, na nyengine inahesabu kuondosha udhia njiani kuwa ni sadaka. Huwezi kuokota jiwe barabarani ukaona umepata thawabu, kisha ukauacha mpira wenye nyuzi upite mbele yako na watoto wawili juu yake. Kuna maneno yanayonasibishwa kwa Imam Shafii, kwamba anayempa nduguye nasaha kwa siri amemnasihi, na anayempa hadharani amemfedhehesha. Kwetu sisi watu wa madhehebu yake hayo ni mwongozo wa kutosha.

Basi Ijumaa ya nne nilimngojea ustadhi mpaka watu wakatawanyika, nikamwambia. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira: "Naujua, mwanangu. Tangu Ramadhani naujua. Karafuu zikiiva, inshaallah."

Jibu hilo limenishughulisha kuliko ile wiki tatu ya kimya. Nilidhani nampelekea habari, kumbe habari anayo. Kuonya kuna maana pale mtu hajui: stendi, taa ya nyuma iliyozimika, nati inayolegea. Kwa anayejua na hana, onyo la pili ni lawama tu, na la tatu ni mateso.

Lakini wale watoto hawajui. Abiria wa bodaboda hajui. Kujua kwa dereva hakumalizi jambo maadamu anayeketi nyuma hakuulizwa. Dereva wa bodaboda atakwambia mpira ni wa tajiri, mwenye pikipiki, kununua, yeye kazi yake kupeleka hesabu jioni, na mara nyingi anasema kweli. Huyo tajiri ndiye wa kuonywa, na kumfikia ni rahisi kisiwani humu ambamo sote tunajuana. Na akipuuza? Mimi nitamwambia abiria. Najua maana yake: namkatia kijana riziki ya siku ile, na jambo hilo haliniridhishi. Ila baina ya nauli yake na mguu wa mama wa watu, nimeshachagua.

Kwa ustadhi hakuna tajiri wa kumwendea. Akianguka, Mungu apishe mbali, najua tutakavyofanya: Ijumaa ile ile patatangazwa mchango mskitini, na tutatoa mpaka nauli ya boti ya kumpeleka Unguja. Nimemfuata ndugu yake, ili pesa zipitie kwake na zisijulikane zinatoka kwa nani. Amekubali. Nikazungumza na wenzangu wa safu ya nyuma, mmoja mmoja. Mpaka jana baada ya Isha tulikuwa wanne, na bado haijatosha kwa mpira na tyubu yake.